Amana ya Malipo Yasiyorudi Nyuma

Swali la lini deni huwa limelipwa kweli kweli huonekana jepesi kwa mtu anayenunua unga dukani, kwa kuwa noti ikishapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine hakuna kinachobaki cha kudaiana, lakini hugeuka kuwa swali zito la falsafa na la dini pale malipo yanapofanywa kwa maandishi ya vitabu vya benki, ambako anayepokea fedha hupokea kwa hakika ahadi ya mtu wa tatu. Wapo wachumi wa benki kuu wanaoshughulikia uthabiti wa mfumo wa fedha, yaani uwezo wa benki, masoko na njia za malipo kuendelea kufanya kazi hata zinapopatwa na mshtuko, na wapo wanaoshughulikia miundombinu ya masoko, yaani mitambo, kanuni na taasisi zinazopitisha malipo na kukabidhi hisa na hatifungani kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi. Wote hawa hutumia maisha yao ya kazi wakilijibu swali hilohilo, ingawa ni nadra kulitaja kwa jina la falsafa. Makala haya yanadai kwamba kazi yao ni kushika amana, kwa uzito ambao dini imeupa jambo hilo, na kwamba kwa sababu mafanikio yake hayaachi ushahidi, haiwezi kuhukumiwa kwa matokeo peke yake.

Tukio ambalo taaluma hii hulihesabu kuwa chanzo chake lilitokea tarehe 26 Juni 1974, siku ambayo mamlaka za Ujerumani ya Magharibi ziliifutia leseni benki ya Herstatt ya mjini Cologne, iliyokuwa imepata hasara kubwa katika biashara ya fedha za kigeni. Uamuzi huo ulitolewa baada ya malipo ya siku kufungwa nchini Ujerumani, wakati New York ilikuwa bado asubuhi, na kwa hiyo benki zilizokuwa zimekwisha kuilipa Herstatt mark za Kijerumani siku hiyo, zikitarajia kulipwa dola upande wa pili wa Atlantiki kabla ya jua kuchwa, zilijikuta zimetoa bila ya kupokea. Linalostahili kutafakariwa hapa ni aina ya hasara hiyo kuliko ukubwa wake. Waliopoteza hawakuwa wamekusudia kuikopesha Herstatt. Walidhani wanabadilishana fedha kwa fedha, kumbe tofauti ya majira ya nchi mbili ilikuwa imewageuza kuwa wakopeshaji kwa muda wa saa kadhaa. Fiqhi ya Kiislamu, katika mlango wa sarf unaohusu kubadilishana dhahabu, fedha na sarafu, iliweka sharti kwamba pande mbili zikabidhiane mkono kwa mkono kabla ya kuachana, na ingawa sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya kufunga njia za riba, ndani yake mna utambuzi uleule: upande mmoja ukichelewa, mkataba wenyewe hubadilika asili, na kilichokuwa mabadilishano huwa deni.

Mwishoni mwa mwaka huohuo magavana wa benki kuu za Kundi la Nchi Kumi waliunda kamati ya usimamizi wa benki mjini Basel. Lakini chombo cha kuhakikisha kwamba fedha za upande mmoja hazitoki mpaka za upande wa pili ziwe tayari, kinachojulikana kwa herufi CLS, hakikuanza kazi hadi Septemba 2002, yaani miaka 28 baadaye. Wala chombo hicho hakikufunika kila biashara, kwani asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2008 benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ilituma zaidi ya yuro milioni 300 kwa Lehman Brothers siku ileile kampuni hiyo ilipoomba kufilisiwa, na dola zilizotarajiwa hazikuja.

Hatari nyingine ilikuwa imejificha ndani ya sheria yenyewe. Katika nchi kadhaa za Ulaya ufilisi ulihesabiwa kuanza dakika ya kwanza ya siku ambayo hukumu ilitolewa, hata kama jaji alitia saini alasiri, na maana yake ni kwamba malipo yaliyofanywa saa tatu asubuhi na benki iliyotangazwa mufilisi saa kumi jioni yangeweza kutanguliwa na kuhesabiwa kuwa hayakuwahi kufanyika. Aristotle, katika kitabu cha sita cha maadili yake kwa Nicomachus, alimtegemea mshairi Agathon kusema kwamba jambo moja tu limenyimwa hata Mungu, nalo ni kulifanya lililokwisha kutendeka liwe halikutendeka; na Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alikubali hoja hiyo huku akieleza kwamba huo si upungufu wa uweza wa Mungu, kwa kuwa kitu kinachojipinga chenyewe hakimo katika orodha ya vinavyowezekana. Sheria ya ufilisi ilikuwa ikidai uwezo huo ambao wanafalsafa na wanatheolojia waliukana. Hata hivyo kanuni hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ni dhuluma kuisimulia kana kwamba ilitungwa na wajinga: ilikuwa imekusudiwa kumzuia mdaiwa anayezama asitumie saa zake za mwisho kuwalipa rafiki zake na kuwaacha wadai wengine mikono mitupu. Ilipoingizwa katika mfumo wa malipo ndipo ilipokuwa hatari, kwa kuwa aliyepokea asubuhi huwa amekwisha kumlipa mwingine kufikia adhuhuri, na huyo mwingine amemlipa wa nne, hivyo kutangua pete moja ya mnyororo ni kuutangua wote.

Umoja wa Ulaya uliiondoa kanuni hiyo kwa mifumo ya malipo iliyotambuliwa rasmi, kwa agizo la mwaka 1998 kuhusu utimilifu wa malipo, yaani hali ya malipo kufikia mahali ambapo hakuna mahakama wala mfilisi anayeweza kuyarudisha. Maandishi mengi ya kitaalamu huipokea hatua hiyo kama marekebisho ya kiufundi, lakini ilikuwa hukumu ya kimaadili, tena nzito: bunge lilichagua uhakika wa wote wanaotumia mfumo dhidi ya haki ya wadai wachache waliobaki nje ya malipo ya asubuhi ile. Uchaguzi huo ulikuwa sahihi, lakini haukuwa wa bure, na wanaoulinda wanapaswa kukumbuka kwamba kuna waliotozwa gharama yake.

Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alifundisha kwamba matendo ya watu yana udhaifu wa aina mbili, kwamba hayarudishiki na kwamba matokeo yake hayatabiriki, na kwamba dawa ya udhaifu wa kwanza ni msamaha na ya pili ni ahadi. Mfumo wa malipo huipa ahadi nguvu kubwa kuliko taasisi nyingine yoyote ya kiraia, lakini hauna nafasi ya msamaha, maana uhai wake wote umesimama juu ya kutorudi nyuma. Ndiyo sababu mtu aliyekosea tarakimu moja ya namba ya simu na kutuma karo ya mtoto kwa asiyemjua hukutana na utaratibu mrefu wa kuomba muamala urudishwe, na mara nyingi hutegemea hisani ya aliyepokea. Ukali huo unaumiza, lakini ndio uleule unaomwezesha muuza samaki kukabidhi bidhaa yake mara ujumbe wa malipo unapoingia. Rehema lazima itafutwe nje ya mfumo, katika sheria za kuwalinda walaji na katika dhamiri za watu, kwa sababu ikiingizwa ndani, hakuna atakayejua kama amelipwa.

Maisha ya kazi ya Tommaso Padoa-Schioppa, Mwitalia aliyezaliwa Belluno mwaka 1940 na kufariki Roma mwaka 2010, yanafaa kuchunguzwa kwa kuwa yalipita karibu kila ngazi ya uwanja huu. Aliingia Benki Kuu ya Italia mwaka 1968, akafanya kazi katika Tume ya Ulaya mjini Brussels, akarejea na kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa benki hiyo kuanzia mwaka 1984 hadi 1997, akaongoza kamati ya Basel ya usimamizi wa benki katikati ya miaka ya 1990, kisha akawa miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa bodi tendaji ya Benki Kuu ya Ulaya, wadhifa aliokuwa nao hadi mwaka 2005. Umma ulimfahamu zaidi kama mmoja wa waasisi wa yuro na baadaye kama waziri wa fedha wa Italia, ilhali kazi iliyofanana zaidi na fikra zake ilikuwa ile ambayo magazeti hayakuiandika, ya kuongoza kati ya mwaka 2000 na 2005 kamati ya kimataifa ya mifumo ya malipo iliyokuwa ikikutana Basel.

Kamati hiyo ilikuwa na urithi wa kuanzia. Mwaka 1990 ripoti iliyosimamiwa na Alexandre Lamfalussy, mchumi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mkuu wa Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliweka viwango vya chini kwa mipango ya kukatana madeni, yaani ile ya benki nyingi kuyajumlisha madai yao ya siku nzima na kulipana tofauti tu inapofika jioni. Mpango wa aina hiyo huokoa fedha nyingi, kwani madai ya mabilioni huweza kumalizwa kwa malipo ya mamilioni, lakini huacha deni likue kimyakimya tangu asubuhi, na benki moja ikianguka kabla ya jioni, hesabu za wote huvurugika. Ripoti hiyo ilitaka kila mpango uweze kumaliza malipo ya siku hata kama mshiriki mwenye deni kubwa kuliko wote ameshindwa kulipa. Januari 2001 kamati, chini ya Padoa-Schioppa, ilitoa kanuni 10 za msingi kwa mifumo ya malipo ambayo kuanguka kwake kungeweza kuutikisa uchumi mzima, na kanuni hizo zilikuwa mezani wakati nchi nyingi zilipokuwa zikijenga mifumo mipya, zikiwemo Tanzania, iliyoanza kutumia mfumo wa TISS mwaka 2004, na Kenya, iliyoanzisha KEPSS mwaka 2005. Katika mifumo hiyo malipo makubwa hupita moja moja, papo hapo, kwa fedha zilizomo katika akaunti za benki kuu yenyewe, na yakishapita yamepita.

Dawa hiyo ina gharama yake, na hapa fikra ya kidini inaangaza mahali ambapo uchumi wa kawaida huona tarakimu tu. Benki isiyoweza kungoja jioni ili madai yake yakatane na madeni yake inahitaji ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kutumika saa hiyohiyo, na kila benki hushawishika kuchelewesha malipo yake hadi wengine waanze kulipa, na wote wakifanya hivyo mfumo husimama ingawa fedha zipo. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu shukrani kwamba dirhamu na dinari ziliumbwa ili zipite mikononi mwa watu na kuwa hakimu kati ya mali zao, na kwamba anayezifungia ni kama aliyemfunga gerezani hakimu wa Waislamu, hukumu zikakwama. Al-Ghazali alikuwa akizungumzia dhambi ya mtu mmoja mmoja; mchumi wa mifumo ya malipo hukutana na kizuizi hichohicho bila ya kuwepo mwenye nia mbaya, kwa kuwa kila mmoja anajilinda. Novemba 1985 hitilafu ya kompyuta katika Bank of New York iliifanya benki hiyo ishindwe kukabidhi hatifungani za serikali kwa wanunuzi huku ikiendelea kupokea na kulipia nyingine, na Benki Kuu ya Marekani ililazimika kuikopesha zaidi ya dola bilioni 22 usiku huo. Hakuna aliyekusudia kumfunga hakimu, lakini alikuwa amefungwa, na ilihitajika mamlaka yenye uwezo wa kutoa fedha bila ya kikomo ili kumfungua. Kwa hiyo wajibu wa kuachia mali izunguke, ambao kwa al-Ghazali ulikuwa juu ya nafsi ya kila muumini, katika uchumi wa leo umegeuka kwa sehemu kubwa kuwa wajibu wa ofisi ya umma.

Lipo sasa swali gumu kuliko yote: mtu wa ofisi hiyo ahukumiwe kwa kipimo gani? Daktari huonyesha mgonjwa aliyepona, lakini mchumi wa uthabiti akifaulu hana cha kuonyesha, maana benki ambayo haikuanguka haina tofauti ya kuonekana na benki ambayo isingeanguka hata bila ya yeye. Hans Jonas, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wajibu, alieleza kwamba onyo la maangamizi hutolewa ili maangamizi yasije, na kwamba ni udhalimu kumcheka baadaye mwonyaji kwa sababu alichoonya hakikutokea. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaacha mlango wazi kwa kila mwonyaji mzembe kudai sifa kwa kila siku ya amani. Mwaka 1999 Padoa-Schioppa alieleza hadharani mjini London kwamba mamlaka ya sarafu ya Ulaya yalikuwa yametenganishwa na mamlaka ya kusimamia benki, kwa kazi na kwa mipaka ya nchi, na kwamba ushirikiano wa wasimamizi ulipaswa kuwa wa karibu kiasi cha kutenda kama msimamizi mmoja. Usimamizi wa pamoja chini ya Benki Kuu ya Ulaya ulianza Novemba 2014, miaka minne baada ya kifo chake na baada ya mgogoro uliowatesa Wagiriki, Wahispania na Waairishi wengi. Kama usimamizi huo ungeanza mapema, mateso hayo yangepungua pengine, na hakuna ambaye angejua kwamba yamepunguzwa.

Fiqhi ya amana inatoa kipimo kinachofaa zaidi kuliko hesabu ya matokeo. Mshika amana, kwa mafundisho ya wanazuoni walio wengi, halipi kilichopotea mikononi mwake isipokuwa amevuka mpaka aliowekewa au amezembea katika kukihifadhi. Na kinyume chake, aliyezembea ana hatia ya uzembe wake hata kama mwizi hakupita usiku ule. Hukumu hii huitazama njia ya ulinzi, na kwa sababu hiyo inaweza kutolewa hata pale ambapo tukio halikutokea: je, mchumi alizichunguza hatari zilizokuwa zikifahamika, je, aliandika sababu za uamuzi wake mahali ambapo wengine wangeweza kuzikosoa, na je, alisema hapana wakati faida ilikuwa ikiwanyamazisha wote? Aliyetimiza hayo na benki ikaanguka si mkosaji. Aliyekaa kimya kwa kuogopa kuchukiza wakubwa wa masoko, na kwa bahati mambo yakaenda sawa, amekwisha kuihini amana.

Pingamizi zito dhidi ya taaluma hii ni kwamba mlinzi mzuri huwafanya anaowalinda wazembee. Benki inayojua kwamba benki kuu haitaruhusu mfumo usimame huthubutu hatari ambazo isingezithubutu ikiwa peke yake, na faida ya hatari hizo huwa yake ilhali hasara hugawanywa kwa walipa kodi. Pingamizi hili haliwezi kufutwa. Linaweza tu kupunguzwa kwa kumlazimisha kila mshiriki aweke dhamana mapema, yaani mali inayokamatwa akishindwa. Taasisi za dhamana ya kati, zinazojiweka katikati ya kila mnunuzi na kila muuzaji ili mmoja akianguka mwingine asidhurike, hufanya kazi kwa njia hiyo. Lehman ilipoanguka mwaka 2008, taasisi ya LCH ya London ilimaliza mikataba ya riba ya kampuni hiyo, yenye thamani ya kimaandishi ya takriban dola trilioni 9, kwa kutumia dhamana iliyokuwa imewekwa na Lehman yenyewe, bila ya kuwatoza washiriki wengine. Viongozi wa G20 waliokutana Pittsburgh mwaka uliofuata waliamua kwamba mikataba ya namna hiyo iliyo ya kawaida ipitie taasisi hizo. Uamuzi huo uliikusanya hatari iliyokuwa imetawanyika na kuiweka katika nyumba chache, na nyumba kama hizo zimewahi kuanguka, Paris mwaka 1974, Kuala Lumpur mwaka 1983 na Hong Kong mwaka 1987. Wanaosema kwamba hatari imeondolewa wanakosea, kwani imehamishiwa tu mahali ambapo walinzi wachache wanapaswa kuwa waaminifu zaidi.

Afrika ya Mashariki swali la amana limerudi kwa sura ambayo wachumi wa Basel hawakuitarajia. Fiqhi hutofautisha wadia, yaani kitu kilichowekwa kwa mtu akihifadhi bila ya kukitumia, na mkopo, ambao mpokeaji huruhusiwa kuutumia kwa sharti la kuurudisha. Na mahakama ya juu ya Uingereza, katika kesi ya Foley dhidi ya Hill ya mwaka 1848, iliamua kwamba fedha anazoweka mteja benki huwa za benki, naye hubaki kuwa mdai tu. Mifumo ya fedha za simu, tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, ilijengwa kinyume cha hapo: kampuni ya simu hairuhusiwi kuzikopesha fedha za wateja, nazo huhifadhiwa kwa ajili yao na wadhamini. Lakini wadhamini hao huziweka katika benki za biashara, na huko, kwa mantiki ya kesi ile, wadia hugeuka tena kuwa mkopo, hivyo mteja wa kijijini ambaye hajawahi kufungua akaunti ya benki amebeba hatari ya benki asiyoijua jina. Fedha hizo huzaa faida. Nchini Tanzania Tigo Pesa ilianza kuigawa kwa wateja mwaka 2014, ilhali nchini Kenya faida ya M-Pesa ilielekezwa katika shughuli za hisani. Kanuni ya kale ya fiqhi husema kwamba pato humfuata anayebeba hasara, na kwa kipimo hicho faida ni ya mteja. Wapo watakaojibu kwamba faida yenyewe ni riba, na kwamba riba iliyokwisha kuingia mkononi hutolewa kwa masikini pasipo kutarajia thawabu. Majibu yote mawili yana wanazuoni nyuma yake, lakini uamuzi wa kuitoa mali, iwe halali au ya kutakaswa, ni wa mwenye mali na si wa mshika amana, na kanuni ya usimamizi iliyo kimya juu ya jambo hilo bado haijakamilika.